Jua kubwa jekundu na safari ya siku mbili: hesabu kwa msimamizi wa mchezo

Swali la msomaji wa Kasarani, nimelifupisha:

"Mwalimu, hujambo. Mimi husimamia mchezo wa kuigiza wa hadithi za kisayansi. Tunakutana kwangu wikendi, watu watano, dadu mezani na kila mtu na mhusika wake. Sayari niliyobuni inazunguka jitu jekundu, yaani nyota nyekundu iliyofura, kwa umbali uleule wa Dunia na Jua, na jua lake likichomoza linajaza nusu ya mbingu. Nikasema safari ya kwenda sayari ya jirani ni siku mbili. Mmoja wetu anasoma uhandisi. Akaniuliza mbele ya wote: hiyo nyota ina ukubwa gani, na siku mbili umezitoa wapi? Sikuwa na jibu. Nifundishe kuhesabu, ila ujue hesabu niliiacha Kidato cha Nne. Na je, safari za nyota hadi nyota?"

Sijambo, dada. Kwanza huyo mchezaji usimfukuze. Mchezo wenye mtu mmoja wa aina hiyo hukaza, kwa sababu wengine nao huanza kuamini kwamba ulimwengu wako una sheria. Maswali yake ni hesabu mbili fupi, na zote zinafanyika kwenye kikokotoo cha simu. Ilaze simu upande ili kitufe cha kipeuo cha pili, chenye alama √, kijitokeze. Hicho na cha kugawanya vinakutosha.

Nianze na jambo lenyewe, namba zitafuata. Kwa sayari ambayo watu wanaishi juu yake, joto la uso wa nyota ndilo linaloamua jua litaonekana kubwa kiasi gani angani. Mng'ao wa nyota, yaani jumla ya nishati inayotoa, ndio unaoamua mwaka utakuwa mrefu kiasi gani na safari zitachukua muda gani. Wewe ulitaka jua kubwa jekundu, ukadhani kwa hiyo lazima nyota yenyewe iwe kubwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kugongana.

Tupime kila kitu kwa Jua letu ili tusibebe sufuri nyingi. Mng'ao wa Jua ni 1. Nusu kipenyo chake ni 1, yaani kilomita 696,000. Joto la uso wake, kelvini 5,772 (kelvini ni nyuzi za selsiasi ukiongeza 273), nalo tuliite 1. Umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 149.6, ni kizio kimoja cha astronomia. Nitakiita kizio tu.

Mwaka 1879 Josef Stefan aligundua kutokana na vipimo kwamba kitu cha moto hutoa nishati kwa kadiri ya kipeo cha nne cha joto lake, na mwaka 1884 Ludwig Boltzmann akaithibitisha kanuni hiyo kwa nadharia. Maana yake ni kwamba ukiongeza joto la uso maradufu, kila kipande cha uso huo kinatoa nishati mara 16. Kwa hiyo ukijua mng'ao wote wa nyota na joto lake, unajua uso wake una eneo kiasi gani, na kutoka hapo unapata nusu kipenyo:

ukubwa = √mng'ao ÷ (joto × joto)

Joto hapo ni kelvini za nyota yako ukigawanya kwa 5,772.

Ijaribu kwa nyota unayoiona hata katikati ya taa za Thika Road: Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Mng'ao wake ni kama 25, joto lake kama kelvini 9,900. Gawanya 9,900 kwa 5,772, unapata 1.715. Zidisha kwa yenyewe, 2.94. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Tano ukigawanya kwa 2.94 ni 1.7. Wanaastronomia waliopima kipenyo chake moja kwa moja wanapata hiyohiyo 1.7. Sasa chukua Proxima Centauri, jirani yetu wa karibu zaidi. Mng'ao wake ni kama 0.0016 na joto kama 3,000. Kipeuo ni 0.04, mraba wa joto ni 0.27, jibu 0.15. Ni karibu sehemu moja ya saba ya Jua, na ndivyo ilivyo.

Tuje kwa nyota yako. Umesema inajaza nusu ya mbingu kutoka kizio kimoja. Tuseme nusu ya mbingu ni nyuzi 90 kati ya 180 za kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Ili kufikia hapo, nusu kipenyo chake kiwe kama mara 152 ya Jua. Majitu mekundu ya kadiri hiyo yapo, kwa hiyo nyota haina kosa. Kosa liko kwa sayari. Kwa joto la kelvini 3,600, ambalo ni la kawaida kwa jitu jekundu, kanuni ileile ukiigeuza inakupa mng'ao wa karibu 3,500. Sayari yako inapigwa na joto mara 3,500 ya lile linalotufikia sisi. Bahari zilishachemka zikaisha zamani, na baada yake mawe yenyewe yakaanza kuyeyuka. Ile ngome uliyowaambia wachezaji waivamie ingekuwa inatiririka.

Basi tuisogeze sayari mbali. Umbali ambapo sayari hupokea joto sawa na letu ni rahisi ajabu:

umbali (vizio) = √mng'ao

Kipeuo cha 3,500 ni 59. Huko ni mbali kuliko Neptuni, iliyo vizio 30 kutoka kwa Jua. Mwaka unaupata kwa sheria ya tatu ya Johannes Kepler, ya mwaka 1619:

mwaka = √(umbali × umbali × umbali ÷ uzito wa nyota)

Nyota yako ikiwa na uzito wa Jua moja, mwaka wake ni kama miaka 455 yetu. Msimu mmoja wa mvua ni zaidi ya karne. Sikatai, kuna mchezo mzuri sana ndani ya hilo: ufalme mzima ambao hakuna aliyewahi kuona kiangazi, na kitabu kimoja kwenye hekalu kinachoeleza kiangazi kilikuwaje. Lakini sio mchezo uliouandika wewe. Isitoshe, nyota haikai katika hali hiyo ya kufura kwa muda mrefu kwa hesabu za nyota, kwa hiyo ustaarabu wa kale uliozaliwa chini ya jua hilo utahitaji maelezo ya ziada.

Na angani je, jua hilo linaonekanaje kutoka vizio 59? Gawanya ukubwa kwa umbali: 152 kwa 59 ni 2.6. Ni mara mbili na nusu tu ya Jua letu. Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu wengi wanaotunga hadithi hizi hawapaoni. Ukubwa wa nyota ni √mng'ao ukigawanya kwa mraba wa joto. Umbali wa kuishi ni √mng'ao. Ukigawanya cha kwanza kwa cha pili, √mng'ao inafutika juu na chini, na kinachobaki ni hiki:

ukubwa wa jua angani = 1 ÷ (joto × joto)

Mng'ao umetoweka. Nyota iwe jitu au kibete, yaani nyota ndogo, mradi sayari inapokea joto kama letu, ukubwa wa jua angani unategemea joto la uso pekee. Chini ya nyota ya kelvini 6,500 jua ni dogo kuliko letu, kama 0.8. Chini ya nyota iliyo kama Sirius ni theluthi moja tu, nukta kali isiyotazamika. Chini ya nyota ya kelvini 5,000 ni 1.3. Chini ya kelvini 3,400 ni karibu 2.9, na chini ya nyota baridi kabisa, karibu kelvini 2,500, ni kama 5.3. Hapo ndipo mwisho.

Ili uwaoneshe mezani: nyosha mkono mbele yako, uinue kidole cha mwisho. Upana wa kidole hicho ni kama nyuzi 1. Jua letu ni nusu yake, na usilitazame ili kuhakikisha. Utazame mwezi mpevu, una upana karibu uleule. Jua kubwa kuliko yote ambalo watu wanaweza kuishi chini yake bila vifaa vya kujikinga halifiki nyuzi 3, yaani pungufu kidogo ya vidole vitatu kama hicho. Nusu ya mbingu, samahani, haipatikani. Unaweza kuipata kwa kituo cha chuma chenye ngao, si kwa shamba la mahindi.

Kwa hiyo ushauri wangu: liache jitu, chukua kibete chekundu. Nakupa kimoja, na namba zake zinaelekeana na vibete halisi vya kadiri hiyo. Joto kelvini 3,400, mng'ao 0.02, uzito 0.4 ya Jua. Ukubwa wake ukiuhesabu utapata 0.41. Umbali wa kuishi ni √0.02, yaani kizio 0.141, karibu zaidi ya Utaridi ilivyo karibu na Jua. Mwaka ni siku 30 na kitu, takribani mwezi mmoja wetu. Jua angani ni karibu mara tatu ya letu kwa upana, na kwa eneo ni mara nane. Ndilo jua kubwa ulilotaka.

Kuhusu wekundu, punguza kidogo. Kelvini 3,400 si rangi ya damu. Balbu ya zamani ya waya huwaka kama kelvini 2,700 na tunauita mwanga wake wa manjano. Mchana wa sayari yako utakuwa kama sebule yenye balbu hizo, na macho ya wenyeji yatauona kuwa mweupe. Wageni ndio watakaouona wa rangi ya chungwa, kwa siku chache za mwanzo.

Kuna jambo ambalo huyo mhandisi wako atalileta, afadhali ulitangulie. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake kuna uwezekano mkubwa kwamba mvutano umeifunga, upande mmoja ukitazama nyota daima, kama mwezi wetu unavyoitazama Dunia. Jua halichomozi wala halitui, linakaa palepale. Jiji lililo chini yake kabisa lina adhuhuri ya milele, na lililo pembeni lina magharibi ya milele. Ile sentensi yako ya "jua lilipochomoza" itabidi uifute. Vibete vyekundu vingi pia hulipuka milipuko ya ghafla ya miale. Kwangu mimi hiyo ni zawadi: king'ora kinalia, wahusika wana dakika chache za kufika kwenye handaki, na mlango wa handaki unalindwa na mtu wanayemdai pesa.

Sasa siku mbili. Kwanza uamue injini, kwa sababu muda wa safari ni wa injini kabla haujawa wa umbali. Roketi zetu za leo huwaka dakika chache kisha hutambaa kwa mwendo uleule. Kwa njia inayookoa mafuta zaidi, kwenda Mirihi ni kama miezi minane na nusu, na nafasi ya kuondoka hupatikana mara moja kila miezi 26 hivi. Mchezo wa wikendi hauvumilii hilo. Hadithi nyingi za aina yenu hutumia injini isiyozimwa: nusu ya njia meli inaongeza kasi, katikati inageuka mkia mbele, nusu iliyobaki inapunguza kasi hadi inafika taratibu. Mchapuko, yaani kiasi cha kuongeza kasi kila sekunde, tuupime kwa uzito wa Dunia. Mchapuko wa 1 maana yake abiria anahisi uzito wake wa kawaida miguuni. Kanuni ni hii:

saa za safari = 68 × √(vizio ÷ mchapuko)

Hiyo 68 sikuiokota. Muda ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha umbali ukigawanya kwa mchapuko, na ukiweka mita bilioni 149.6 na mita 10 kwa sekunde kila sekunde, unapata sekunde 244,600, yaani saa 68. Mwambie ahakikishe mwenyewe, atafurahi.

Ijaribu kwa Mirihi. Ikiwa karibu kabisa nasi, kama kizio 0.37, safari ni saa 41. Ikiwa upande wa pili wa Jua, kama vizio 2.7, ni saa 112. Neptuni, vizio 30, ni siku 15 na nusu. Zingatia kwamba Neptuni iko mbali mara 80 ya Mirihi ya karibu, lakini muda haufiki hata mara 10. Ndiyo kazi ya kipeuo cha pili: umbali mara nne ni muda mara mbili tu. Kwa injini dhaifu ya mchapuko wa 0.01, muda wote unazidishwa kwa 10, na kizio kimoja kinakuwa safari ya siku 28. Mimi ningeipa meli ya mizigo injini hiyo na meli ya polisi ile ya 1, kisha nikae nitazame wachezaji wanavyopanga kutoroka.

Turudi kwa jitu lako jekundu, lile la vizio 59. Jirani tumweke vizio 90. Zikiwa upande mmoja, kati yao kuna vizio 31, safari siku 16. Zikiwa pande mbili, siku 35. Ili ufike kwa siku mbili kutoka vizio 31 unahitaji mchapuko wa 62. Hakuna abiria atakayeshuka akiwa hai.

Kwa kibete chekundu mambo yanakaa sawa. Sayari yako iko kizio 0.141. Jirani tumweke 0.25, ambako joto linalomfikia ni theluthi moja ya letu, pungufu hata ya lile la Mirihi, kwa hiyo ni koloni la wachimba migodi na barafu. Zikikaribiana kuna kizio 0.11 kati yao: safari ni saa 23. Zikiwa pande mbili ni 0.39: saa 42 na nusu. Na njia hiyo ya pili, ukiinyoosha, inapita katikati ya nyota, kwa hiyo nahodha lazima azunguke kwa mbali na ule muda unasogea kuelekea saa 48. Siku mbili zako hizo hapo. Mwambie mhandisi ndio muda wa safari ya msimu mbaya, na msimu mzuri mtu anafika kesho yake.

Misimu hiyo ina kalenda. Mwaka wa nyumbani ni siku 30.6, wa jirani ni siku 72, na sayari hizo mbili hukaribiana kila siku 53. Nauli inashuka, bandari inafurika, wasafirishaji haramu wanajichanganya na umati. Siku 26 baadaye kila kitu ni ghali na meli ni chache. Ukiandika namba hiyo moja, 53, kwenye daftari lako, uchumi wa mchezo unajiendesha wenyewe. Hata mazungumzo ya redio yanafuata: nuru huchukua dakika 8 na sekunde 19 kwa kila kizio, kwa hiyo msimu mbaya swali na jibu vinatenganishwa na dakika sita na nusu. Hakuna mabishano ya bei kwa redio. Lazima mtu atumwe.

Kwa sababu injini haizimwi, sakafu za meli ziko juu ya injini, ghorofa juu ya ghorofa, na chini ni kule moshi unakotokea. Wachoraji wengi huzipanga kama za ndege, jambo linalonikera. Uzito unapotea mara moja tu, pale katikati, injini inapozimwa ili meli igeuke. Dakika kumi hivi. Mpishi anafunga sufuria, watoto wanafunguliwa mikanda waelee kidogo, na aliyesahau kumaliza chai anaiona ikitoka kikombeni tone kwa tone kubwa. Ukitaka kumpa rubani kazi ya dadu, mpe hapo. Akikosea pembe ya kugeuka, kosa litajitokeza siku inayofuata, wakati wa kulirekebisha umepita.

Kuna jambo wasimamizi hulikwepa, nami sitakuficha. Safari ya kizio kimoja kwa mchapuko wa 1 hufikisha meli, pale katikati, kasi ya kilomita 1,220 kwa sekunde. Tani moja tu ya chuma kwa kasi hiyo inabeba nishati ya takriban kilotani 180 za TNT, kama mara 12 ya bomu la Hiroshima. Kila mwenye meli kwenye mchezo wako ana silaha ya kufuta jiji, hata kama amebeba vitunguu. Siku mchezaji atakapolitambua hilo, na huyo mhandisi atalitambua, uwe na jibu. Jibu langu ni la kiserikali: meli yoyote inayochelewa kugeuka katikati ya njia inapigwa kabla haijafika, hakuna kuulizwa mara mbili. Sheria hiyo pekee inazaa visa vya mwezi mzima. Kwa kasi hiyohiyo, maharamia hawawezi kuvizia meli katikati ya safari, kwa kuwa itawapita kabla hawajapepesa macho. Watavizia mwanzoni na mwishoni, karibu na bandari, ambako meli bado ni pole.

Ukitaka sura moja ianzie kwetu, bandari iweke nje ya pwani ya Malindi. Waitalia walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kwa astronomia ya miale ya eksi. Roketi za kweli hupenda kuwa karibu na ikweta kwa sababu mzunguko wa Dunia huzipa msukumo wa bure wa mita 460 hivi kwa sekunde. Kwa injini zako msukumo huo hauna maana yoyote, lakini watu wenye bandari hawaihami kirahisi. Tahadhari moja: injini ya mchapuko wa 1 kamili haiwezi kuinuka kutoka Malindi, inalingana tu na uzito wake yenyewe. Ipe 1.5 wakati wa kupaa.

Safari za nyota hadi nyota nitazigusa kwa kifupi. Kanuni ya 68 inafaa ndani ya mfumo mmoja, kwa kuwa hata safari ya Neptuni haivuki asilimia 2 au 3 ya kasi ya nuru. Mwaka mzima wa mchapuko wa 1 unakusogeza karibu na kasi hiyo, na hapo uhusianifu wa Einstein unaingia: saa ya meli inakwenda polepole kuliko ya nyumbani. Proxima, miaka 4.24 ya nuru (yaani nuru huchukua miaka 4.24 kufika huko), ni miaka 3.5 kwa abiria na 5.9 kwa waliobaki. Sirius, miaka 8.6 ya nuru, ni 4.6 kwa abiria na 10.4 nyumbani. TRAPPIST-1, kibete chenye sayari saba kilicho kama miaka 40 ya nuru kutoka hapa, ni miaka 7.3 tu kwa abiria. Nyumbani inapita kama 42. Kwa muda wa nyumbani chukua umbali kwa miaka ya nuru, ongeza miwili, hutakosea sana. Kwa muda wa abiria mpe mhandisi kazi hiyo, aje nayo Jumamosi.

Nadhani lakini hutaki wahusika wazeeke njiani, utatumia mruko wa kubuni unaovuka nyota kwa papo. Tumia, sina neno. Ila amua kitu kimoja na usikibadilishe: meli ikitokea, inatokea umbali gani kutoka kwa nyota? Hiyo ndiyo namba inayobaki mkononi mwako, na ile 68 inarudi kazini. Ukisema kizio kimoja, basi kufika kwenye sayari yako ya kibete ni kati ya saa 63 na 73 kwa mchapuko wa 1, kutegemea iko upande gani siku hiyo. Ukisema vizio 10, ni siku tisa. Ukisema robo ya kizio, wavamizi wanaingia kati ya saa 23 na 43, na jeshi lako la ulinzi linahitaji kuwa tayari limekaa angani kabla hawajatokea.